Ajira moja ni siku ngapi? Hesabu za kazi viwanda vya kanda ya kati vinapopunguza watu

Kiwanda cha kukamua alizeti kikipunguza watu Singida au Kibaigwa, habari huanza na idadi: wametoka 40, wametoka 120. Baada ya muda hujibiwa kwa idadi nyingine, kwamba mradi fulani utaleta ajira 500 "za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja". Idadi zote mbili zinaficha jambo ambalo kwa Dodoma na Singida ndilo kiini cha tatizo: hiyo ajira moja ina siku ngapi za kazi kwa mwaka? Kibarua wa msimu anayefanya kazi siku 100 na fundi mitambo wa siku 280 wote huandikwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kufunguliwa upya kwa mbwembwe, watu walewale wakarudi, Oktoba wakawa nyumbani tena, na bado taarifa ya mkoa ikasomeka kwamba ajira zimerejeshwa.

Nawaandikia maafisa wa halmashauri, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, na yeyote aliyekabidhiwa barua ya kupunguzwa ambaye sasa anaambiwa na kila mtu "serikali ina fursa nyingi". Fursa zipo. Tatizo ni lini zinafika, na zinamfikia nani.

Mashine ipo, mbegu hakuna

Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kati ya Mei na Julai. Tuchukue kiwanda cha kati kinachokamua tani 20 kwa siku. Kikiendesha siku 100 kinahitaji tani 2,000. Kikitaka kuendesha siku 250 kinahitaji tani 5,000, na zile 3,000 za nyongeza ni lazima zinunuliwe katika miezi ileile ya mavuno, maana baada ya hapo mzigo umeshaingia kwa madalali au umekamuliwa kwenye vimashine vya mtaani. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi bilioni 3 taslimu kabla hata dumu moja la mafuta yake halijauzwa.

Kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, mzigo ukikaa ghalani miezi minne ukisubiri zamu yake kisha ukamuliwe kidogo kidogo kwa miezi sita, riba inafika karibu shilingi milioni 260. Gawanya kwa kilo milioni 3: ni kama shilingi 87 kwa kilo. Maana yake, bei ya mafuta na mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) ikipanda kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa mwaka kwa kiasi cha kufidia shilingi 87, pamoja na gharama ya ghala na upotevu, kiwanda kinaweza kubaki na watu wake. Isipopanda, mwenye kiwanda akishika mbegu nyingi amejinyonga mwenyewe, na hakuna programu ya ajira itakayomfanya azishike.

Hapa mkono wa serikali una uzito kuliko mkopo wowote wa kikundi. Hotuba ya bajeti husomwa Juni, katikati ya mavuno. Ndani yake mna ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Mwaka 2022/23 ushuru ulilegezwa ili kumpa nafuu mlaji, ambaye kweli alikuwa akiumia. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka, na aliyekuwa amejaza ghala akabaki na mbegu alizonunua ghali. Sisemi mlaji asisaidiwe. Nasema kila mara ushuru unapobadilishwa kwa mwaka mmoja mmoja, mwenye kiwanda Singida hujifunza somo moja tu: usinunue zaidi ya unachoweza kukamua kwa miezi mitatu. Na hilo somo ndilo hupunguza watu Oktoba. Ushuru unaojulikana kwa miaka mitatu mbele, hata kama si mkubwa sana, ungetunza siku nyingi za kazi kuliko sherehe nyingi za kukabidhi hundi.

Jambo la pili ni ghala, na hapa maafisa mipango hukosea kitu kidogo chenye madhara makubwa. Uwezo wa maghala yetu mengi huandikwa kwa tani za mahindi. Mita moja ya ujazo hubeba karibu kilo 720 za mahindi, lakini alizeti ni nyepesi, kama kilo 400 tu. Ghala linaloitwa la tani 1,000 litakupa kama tani 550 za alizeti. Ukipanga mradi wa kuhifadhi tani 3,000 kwa kutumia namba ya mahindi, karibu nusu ya mzigo italala nje chini ya turubai.

Ikilala nje, au ikiingia ghalani ikiwa mbichi, kinachofuata kinajulikana. Mbegu ya mafuta inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 9 hivi. Ikizidi, rundo hupata joto kutoka katikati; ukichomeka mkono ndani ya gunia unalisikia. Mafuta yatakayotoka yatakuwa meusi na yenye ukakasi, na kiwanda cha kusafishia kitayakata bei au kuyakataa. Kinachotakiwa ni kipima unyevu kwenye geti la kupokelea, chaga chini ya magunia, nafasi ya kupita mtu kati ya rundo na ukuta, na mtu mmoja anayelipwa kupima joto la marundo kila wiki. Huyo mtu, ukitaka kujua, ni ajira ya mwaka mzima.

Wengine hushauri kiwanda kikamue mazao mengine msimu wa alizeti ukiisha: karanga, ufuta, mbegu za pamba. Inawezekana, lakini si kwa kubadilisha gunia tu. Karanga iliyomenywa yote haina nyuzi. Ndani ya mashine hugeuka uji na kuzunguka na skrubu bila kusonga mbele. Mafundi hurudishia maganda kiasi ili ipate mshiko. Mbegu ya pamba ina manyoya na ganda gumu vinavyotakiwa kuondolewa kwanza, kwa mitambo ambayo kiwanda cha alizeti kwa kawaida hakina. Anayekuandikia andiko la mradi kuwa "mashine zitatumika kwa mazao mchanganyiko" muulize nafasi za mabao ya chujio, yaani vyuma vinavyoizunguka skrubu na kupitisha mafuta, atazirekebisha nani na kwa siku ngapi.

Zabibu za Dodoma zina ugonjwa huohuo ila makali yake ni zaidi, kwa kuwa zabibu haisubiri hata wiki. Mavuno ni mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Ikishakatwa, inatakiwa isagwe ndani ya siku moja au mbili. Matangi ya viwanda yakijaa, geti linafungwa, mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anabaki na kreti, na vibarua wa kuvuna, kubeba na kusaga wanasimamishwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye zabibu kipimo cha ajira si idadi ya viwanda, ni lita za tangi. Mchuzi wa zabibu ukihifadhiwa vizuri kwenye tangi la chuma lisiloshika kutu, kiwanda kinachakata na kufungasha miezi ambayo shambani hakuna kitu. Sheria ya ushuru wa bidhaa inasaidia hapa: mvinyo wenye zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa kiwango cha chini sana kuliko ule wa malighafi ya nje. Ni kifungu kimoja kwenye jedwali la kodi, lakini kimefanya kazi ya ajira Dodoma ambayo haionekani kwenye taarifa yoyote ya ajira.

Barua ikishatoka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu mapema iwezekanavyo, aeleze sababu, kisha ashauriane kuhusu njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Matawi mengi hukimbilia malipo. Yanaruka kipengele cha njia za kuepuka, na hicho ndicho penye siku za kazi. Pale ndipo pa kuweka mezani zamu za kupokezana, likizo za mwaka kuchukuliwa miezi ya ukame wa mbegu, matengenezo ya mitambo kufanywa na watu wa ndani badala ya mkandarasi. Nenda na hesabu, usiende na malalamiko. Mkishindwana, suala linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Malipo yenyewe: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), kiinua mgongo, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mbali. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, kwa kikomo cha miaka 10, na ni lazima uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12.

Ugomvi huwa kwenye siku moja ni shilingi ngapi. Jedwali la Kwanza la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa siku za kazi za wiki. Mwenye mshahara wa 312,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana 12,000 kwa siku. Siku 7 ni 84,000. Miaka 8 ni 672,000. Mhasibu anayegawa kwa 30 atapata 10,400 kwa siku, na jumla itakuwa 582,400. Tofauti ni 89,600 kwa mtu mmoja. Zidisha kwa watu 40 uone.

Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kujaza Fomu Na. 1 ya Tume. Ukichelewa, kwanza unaomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na kueleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri mwajiri atupigie simu" si sababu inayopokelewa kirahisi.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakujiuzulu mwenyewe. Kwa mshahara wetu wa mfano ni kama 104,000 kwa mwezi. Hapa ndipo siku za kazi zinarudi kuuma. Kibarua anayechangiwa miezi minne kila mwaka, hata michango yake ikijumlishwa yote, anafika miezi 18 kwenye msimu wa tano. Na hapo ni kama mwajiri alipeleka michango. Usisubiri barua ndipo uangalie. Taarifa ya michango iangaliwe kila baada ya miezi mitatu, na pengo likionekana lipelekwe NSSF wakati kiwanda bado kina umeme na mhasibu bado anapokea simu.

Kitu kingine cha kudai, na hakina gharama kwa mwajiri, ni cheti cha utumishi. Kisiandikwe "kibarua". Kiandikwe ulichofanya: mwendesha mashine ya kukamua, msaidizi wa boila, fundi wa kuchomelea, mpimaji wa ubora wa mbegu. Utaona chini kwa nini.

Milango ya serikali, na saa ya kila mlango

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, unaotokana na mapato yake ya ndani, ndio unaotajwa kwanza kila mkutano. Mgawanyo ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisitishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho mabovu, ukarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Halmashauri 10, Jiji la Dodoma likiwemo, zikawekwa kwenye majaribio ya kupitishia benki. Kikundi kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, watu wasiopungua watano, akaunti ya benki, maombi kwenye mfumo, uhakiki wa kata, uhakiki wa halmashauri, mkataba, fedha. Hata pasipo uzembe, safari hii hupita kwa urahisi miezi sita ya fao la NSSF. Kwa hiyo anayesubiri fao liishe ndipo aanze kuunda kikundi, amejitengenezea njaa ya miezi kadhaa. Anza wiki ya kwanza.

Halafu kuna shimo ambalo halisemwi. Vijana kwa utaratibu mpya ni hadi miaka 45. Mwanamke wa miaka 50 ana mlango wake. Mwanamume wa miaka 50 asiye na ulemavu, ambaye mara nyingi ndiye fundi mzoefu kuliko wote kiwandani, hana dirisha kabisa kwenye asilimia 10. Huyo apelekwe kwingine mapema, asizungushwe kata kwa kata.

Vikundi vya waliotoka kiwandani huanguka kwa sababu moja kubwa: huandika kuku au kutengeneza sabuni kwa kuwa ndiyo maandiko yanayojulikana, wakati ujuzi walio nao unahitajika mita 500 kutoka wanapokaa. Skrubu ya mashine ya kukamua huliwa na mchanga unaokuja na mbegu. Ikilika, mgandamizo unashuka na mafuta yanabaki kwenye mashudu. Mashine iliyo sawa huacha kama asilimia 7 hivi. Iliyochoka inaweza kuacha 12 na zaidi. Kwa kila tani 10 za mashudu hiyo ni kilo 500 za mafuta zinazoenda kulishwa ng'ombe. Dawa ni kuijaza skrubu kwa kuchomelea kwa fimbo za chuma kigumu, kisha kuisaga irudi kwenye kipimo chake. Inatakiwa mashine ya kuchomelea, grainda, mtu anayejua kipimo, na mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashine hiyo zamu nzima. Vimashine vya kukamua vimejaa Singida, Manyoni, Kongwa na Dodoma mjini, na karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zipo kwa kazi inayohitaji mashine ya kukereza chuma (lathe). Kazi hii inakuja zaidi kabla ya Mei na baada ya Agosti, yaani miezi ileile ambayo kiwanda kikubwa hakina kazi. Kikundi cha namna hii kinakopesheka.

Urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, chini ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi, unampa cheti aliyejifunzia kazini baada ya kupimwa na kuzibwa mapengo. Tatizo ni majina. Orodha za fani zina uashi, useremala, umeme, uchomeleaji, mapishi, ushonaji. Hazina "mwendesha mashine ya alizeti". Mtu akienda akasema hivyo atarudishwa. Akienda na cheti cha utumishi kinachosema alichomelea na kufunga mitambo kwa miaka sita, anaingia kwenye fani ya uchomeleaji au ufundi mitambo. Ndiyo sababu ya kugombania maneno ya kile cheti.

Ajira za muda za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, hutajwa pia, na hazistahili kutajwa hapa. Ni za kaya zilizoandikishwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini; kupunguzwa kazini hakukuingizi kwenye orodha. Na kwa viwango vya awamu ya pili, shilingi 3,000 kwa siku, siku 10 kwa mwezi, miezi sita, ni 180,000 kwa mwaka. Ni msaada wa maana kwa kaya isiyo na kitu, si mbadala wa mshahara wa kiwandani.

Kuna mlango ambao vikundi hupita mbele yake bila kuuona: sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali. Halmashauri inayonunua madawati, matengenezo ya pampu au milango ya madarasa ni mteja wa mwaka mzima, hana msimu. Kikundi kisajiliwe kwenye NeST sambamba na maombi ya mkopo, maana mkopo bila mteja ni deni tu.

Miradi mikubwa na Nala

Ujenzi umeokoa wengi kanda hii: reli ya kisasa kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422, barabara ya mzunguko ya Dodoma kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, mji wa serikali Mtumba. (Makutupora ya reli ipo Manyoni, ile ya zabibu ipo Dodoma. Watu wameshapotea kwa kufuata tangazo la kazi la Makutupora moja kwenye nyingine.) Ila kazi ya ujenzi huja kwa wingi na kuondoka kwa mkupuo, na inapoisha huachia soko la ajira vibarua wengi wakati mmoja. Afisa mipango anayejua tarehe ya mkandarasi kukabidhi mradi anaijua pia tarehe ya wimbi linalofuata la watu wasio na kazi. Hakuna haja ya kushtuka siku ile.

Nala, upande wa barabara ya Singida, ni habari tofauti kwa sababu imepangwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na kiwanda cha mbolea cha Itracom kimejengwa huko. Mbolea ina msimu wa kuuza, lakini malighafi yake haitegemei mvua ya Dodoma kwa namna ya alizeti, na mtambo unaweza kusaga na kufungasha ukijaza ghala miezi ambayo wakulima hawanunui. Kwa kipimo cha siku za kazi, hilo ni jambo zuri. Anayetangaza nafasi za Nala aulizwe mambo manne: ngapi ni za ujenzi na ngapi za uendeshaji, zamu ngapi kwa siku, mwezi upi mtambo utasimama kwa matengenezo, na malighafi inatoka wapi. Mwombaji naye apige nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi za mwezi kabla ya kukubali mshahara. Bila basi la kampuni, nauli kutoka upande wa pili wa mji inaweza kula sehemu ya mshahara ambayo hakuipangia.

Kwa halmashauri inayopata taarifa ya kupunguzwa watu leo, kazi ya wiki mbili za kwanza ni daftari moja lenye safu saba: jina, umri, jinsia, mashine au kazi halisi aliyofanya, miezi aliyochangiwa NSSF, kata anayoishi, na kama ana cheti cha utumishi mkononi. Afisa kazi, afisa maendeleo ya jamii na chuo cha VETA wasome daftari hilohilo. Umri na jinsia vitakuambia nani hana dirisha la mkopo. Safu ya kazi halisi itakuambia ni vikundi vya aina gani. Safu ya NSSF itakuambia nani atakosa fedha ya chakula mwezi ujao, na nani bado ana miezi sita ya kupumulia. Daftari liwe tayari kabla mwenye kiwanda hajazima jenereta na kumwachia mlinzi funguo.